Namba Tasa na Kilele cha Kindoroko

Ukiwa Lembeni, iwe kwenye barabara kuu iendayo Moshi au karibu na reli itokayo Tanga, huwezi kukosa kuiona Milima ya Upare. Asubuhi ukungu hufunika misitu ya juu. Jua likipanda, ukungu huondoka na vilele huonekana kimoja kimoja. Katika safu ya Upare ya Kaskazini, kilele kirefu kuliko vyote ni Kindoroko. Urefu wake ni mita 2,113 kutoka usawa wa bahari. Iandike namba hiyo katika daftari lako, maana tutairudia katika somo hili.

Sasa fikiri hivi. Mpima ardhi anataka kuugawa urefu huo wote, kuanzia usawa wa bahari hadi kileleni, katika vipande vilivyo sawa. Kila kipande kiwe na mita kamili, bila sehemu ya mita. Akijaribu vipande vya mita 2, mita 1 itabaki juu. Akijaribu vya mita 3, mita 1 itabaki tena. Akijaribu vya mita 5 zitabaki mita 3, na akijaribu vya mita 10 zitabaki mita 3 vilevile. Jirani yake, Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hauna ugumu huo. Urefu wake hugawanyika kwa 3, kwa 5, kwa 9, kwa 15, kwa 45, na hata kwa 131, pasipo kubaki kitu.

Kwa nini mlima mkubwa hukubali kugawanywa na mdogo hukataa? Jibu halimo katika mawe wala katika udongo wa milima hiyo. Limo katika namba zenyewe.

Jaribio la 1: Kupanga punje

Chukua punje 12 za mahindi. Zipange juu ya meza katika mistari iliyo sawa, ili zifanye umbo la mstatili. Utaona kwamba unaweza kupata mistari 2 yenye punje 6 kila mmoja, au mistari 3 yenye punje 4 kila mmoja. Sasa ongeza punje moja, ziwe 13, kisha ujaribu tena. Ukipanga mistari 2, punje moja hukosa mwenzake. Ukipanga mistari 3 au 4, mambo ni yale yale. Utajaribu mpaka uchoke, na mwishowe utakubali kwamba punje 13 hupangika kwa namna moja tu: mstari mmoja mrefu.

Namba ambazo hugawanya namba nyingine bila kubakiza kitu huitwa vigawo vyake. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawo vya 13 ni 1 na 13 tu. Namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, huitwa namba tasa. Kwa hiyo 1 si namba tasa, kwa kuwa ina kigawo kimoja tu. Namba 2 ni tasa, nayo ndiyo namba shufwa pekee iliyo tasa. Je, unaweza kueleza kwa nini?

Jambo hili huonekana hata shuleni. Mwalimu wa zamu akiwa na wanafunzi 42, aweza kuwapanga mbele ya bendera katika mistari 6 ya wanafunzi 7. Akija mwanafunzi mmoja mgeni, wakawa 43, basi hata mwalimu afanye nini, mistari haitalingana. Mwanafunzi mgeni hana kosa lolote. Ni tabia ya namba 43.

Mfugaji husema kwamba ng'ombe ni tasa anapokuwa hazai. Jina hilo limepewa namba hizi kwa sababu hazivunjiki na kutoa namba ndogo zaidi. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Namba 12 ni 2 × 2 × 3. Namba 5,895 ni 3 × 3 × 5 × 131. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa pamoja. Tena zao hilo hupatikana kwa njia moja tu, ukiacha kubadili mpangilio wake. Hakuna mtu atakayeipata 12 kwa kuzidisha 5 au 7. Mimi ningependa ziitwe namba wazazi, lakini jina la tasa limekwisha kuzoeleka, nasi tutalitumia.

Chekeche la namba

Yapata miaka 2,200 iliyopita, aliishi Afrika ya Kaskazini mtaalamu aliyeitwa Eratosthenes. Alizaliwa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akawa mkuu wa maktaba mashuhuri ya Aleksandria nchini Misri. Yeye ndiye aliyekadiria mzingo wa Dunia kwa kupima kivuli. Pia alituachia njia ya kuzitafuta namba tasa, ambayo hufanana na kuchekecha unga: zisizotakiwa huondoka, zinazotakiwa hubaki.

Andika namba zote kuanzia 1 hadi 50. Kata 1. Zungushia 2 duara, kisha ukate kila namba igawanyikayo kwa 2 iliyo mbele yake: 4, 6, 8 na kuendelea. Namba ya kwanza ambayo haijakatwa ni 3. Izungushie duara, ukate 6, 9, 12 na kuendelea. Fanya hivyo kwa 5, kisha kwa 7. Namba zilizobaki ni hizi:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47.

Kwa nini tuliishia kwenye 7? Vigawo huenda wawili wawili. Namba 48 ni 2 × 24, au 3 × 16, au 4 × 12, au 6 × 8. Katika kila jozi, kigawo kimoja ni kidogo. Kama vyote viwili vingekuwa zaidi ya 7, yaani 8 au zaidi, zao lake lingekuwa 64 au zaidi, nalo lingevuka 50. Kwa hiyo namba yoyote isiyo tasa katika orodha yetu lazima iwe na kigawo kisichozidi 7, na chekeche limekwisha kuikata. Lishike neno hili, kwa kuwa ndilo litakalotuokoa na kazi nyingi.

Kuipima namba ya Kindoroko

Turudi mlimani. Ili kujua kama 2,113 ni tasa, je, ni lazima tujaribu kuigawa kwa 2, 3, 4, 5 mpaka 2,112? La. Zidisha 46 kwa 46. Utapata 2,116, ambayo imeipita 2,113. Basi kama 2,113 ina vigawo vingine, mojawapo hakizidi 45. Tena hatuna haja ya kujaribu 4 au 6, kwa maana namba iliyokataa 2 haiwezi kukubali 4. Tunahitaji namba tasa tu, nazo ni kumi na nne, kuanzia 2 hadi 43. Gawanya mwenyewe, kisha ulinganishe mabaki yako na haya:

kwa 2, baki 1. Kwa 3, baki 1. Kwa 5, baki 3. Kwa 7, baki 6. Kwa 11, baki 1. Kwa 13, baki 7. Kwa 17, baki 5. Kwa 19, baki 4. Kwa 23, baki 20. Kwa 29, baki 25. Kwa 31, baki 5. Kwa 37, baki 4. Kwa 41, baki 22. Kwa 43, baki 6.

Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Namba 2,113 ni tasa. Mlima ungepungua mita moja tu, ukawa na mita 2,112, ungegawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 11, 12 na namba nyingine nyingi. Namba tasa na namba yenye vigawo vingi hukaa jirani, na kwa kuziangalia tu huwezi kuzitofautisha.

Lakini tahadhari. Usiende kuwaambia watu wa nyumbani kwamba Kindoroko ni mlima tasa. Ukiupima kwa futi badala ya mita, utapata karibu futi 6,932, na namba hiyo hugawanyika kwa 2. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni kipimo. Utasa ni sifa ya namba, wala si sifa ya kitu kinachohesabiwa.

Mfupa wa Ishango

Watu wa upande wetu wa Afrika wamekuwa wakihesabu tangu zamani sana. Ishango iko kwenye ufuko wa Ziwa Edward, mahali Mto Semliki unapoanzia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000. Mfupa huo una chanjo zilizokatwa kwa mafungu, katika safu tatu. Katika safu mojawapo, mafungu hayo yana chanjo 11, 13, 17 na 19.

Linganisha namba hizo na zile zilizobaki katika chekeche lako. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20!

Je, mtu yule wa Ishango alizijua namba tasa? Wataalamu hawakubaliani. Safu nyingine ya mfupa huo ina 11, 21, 19 na 9, na wewe unajua kwamba 21 na 9 si tasa. Tena safu hizo mbili, kila moja ikijumlishwa, hutoa 60. Wengine hufikiri kwamba mfupa ulitumika kuhesabia siku za mwezi. Jumlisha mwenyewe, kisha uamue ni ushahidi gani ungeutaka kabla ya kusema ndiyo au siyo. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, nchini Ubelgiji.

Je, namba tasa zina mwisho?

Kati ya 1 na 10 kuna namba tasa 4. Kati ya 40 na 50 kuna 3. Kadiri tunavyoendelea mbele, huzidi kuwa adimu. Mtu aweza kudhani kwamba mwishowe zitakwisha kabisa.

Euclid, aliyefundisha Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba haziishi. Tuseme mwenzako anadai kwamba 13 ni namba tasa ya mwisho. Mwambie azidishe namba tasa zote alizo nazo: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13. Atapata 30,030. Kisha aongeze 1, iwe 30,031. Namba hii ukiigawa kwa 2, hubaki 1. Ukiigawa kwa 3, hubaki 1. Kwa 5, 7, 11 na 13 ni vivyo hivyo. Basi ama 30,031 ni tasa yenyewe, ama ina vigawo tasa ambavyo havimo katika orodha yake. Kwa kweli ni 59 × 509, na zote mbili ni tasa mpya. Orodha yake ilikuwa na upungufu. Hata akiwa na orodha ya namba milioni moja, ufanye hivyo hivyo naye atashindwa.

Namba kubwa na watu walioshindana nazo

Chukua 2, uizidishe kwa 2 tena na tena: 2, 4, 8, 16, 32. Zidisha 2 tano pamoja, upate 32. Kwa ufupi huandikwa 2⁵, na husomwa "mbili kipeo cha tano". Sasa punguza 1, upate 31, ambayo ni tasa. Vilevile 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, na 2⁷ − 1 ni 127. Zote ni tasa. Tena vipeo vyenyewe, 2, 3, 5 na 7, ni tasa. Huenda ukafurahi na kusema umegundua kanuni. Jaribu 11 kwanza: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Kanuni imevunjika. Kipeo kisipokuwa tasa, jawabu haliwi tasa kamwe. Lakini kipeo kikiwa tasa, jawabu laweza kuwa tasa au lisiwe.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa aliyeitwa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, hutoa namba tasa. Miongoni mwake vilikuwamo 31 na 67. Watu walimwamini, maana alikuwa msomi mkubwa, na ni nani angeweza kuzigawa namba kubwa kiasi hicho?

Namba ya kipeo cha 31 ni 2,147,483,647. Kwa njia tuliyoitumia kwa Kindoroko, ingebidi kujaribu namba tasa zote hadi 46,337, nazo ni karibu 4,800. Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Urusi katika mji wa St Petersburg, alitoa habari kwamba namba hiyo ni tasa kweli. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa. Hakujaribu zote 4,800. Alionyesha kwanza kwa hoja kwamba nyingi mno kati yake haziwezi kuwa vigawo, akabaki na sehemu ndogo tu ya kujaribu.

Kipeo cha 67 kilikuwa na mambo mengine. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Mersenne alikuwa amekosea, na kosa lake lilikuwa limedumu miaka 232. La ajabu ni kwamba Lucas hakukipata hata kigawo kimoja. Alikuwa kama mlinzi wa usiku aonaye nyayo mlangoni: anajua kwamba mtu ameingia, ingawa hajamwona.

Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati. Husimuliwa kwamba hakusema neno lolote. Alikwenda ubaoni, akaikokotoa 2⁶⁷ − 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Kisha akasogea upande mwingine wa ubao, akaandika 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha kwa chaki tarakimu kwa tarakimu. Majawabu mawili yakawa sawa. Akarudi kuketi, na watu wakampigia makofi. Baadaye alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Tazama tofauti hiyo. Kuzidisha namba mbili kulimchukua dakika chache mbele ya watu. Kuzitafuta namba hizo mbili kulimchukua miaka mitatu.

Namba yenye tarakimu milioni 41

Siku hizi kazi hii hufanywa na kompyuta. Tangu mwaka 1996 watu wa nchi nyingi wamekuwa wakishirikiana kuzitafuta namba tasa za aina ya Mersenne, kila mmoja akitoa kompyuta yake isaidie. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Mmarekani Luke Durant alipata mojawapo iliyokuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana hadi wakati huo. Hupatikana kwa kuzidisha 2 mara 136,279,841 pamoja, kisha kupunguza 1. Ina tarakimu 41,024,320.

Huwezi kuiandika. Ukiandika tarakimu 1,200 katika kila ukurasa, nawe una madaftari ya kurasa 64, utayajaza madaftari 534 na kuanza la 535. Kama kila tarakimu ingechukua nusu sentimita, mstari mmoja wa namba hiyo ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 205. Ungeutandaza kando ya reli kutoka Tanga kuja Moshi, ungepita nusu ya njia. Ukiisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya mwaka mmoja na siku 109.

Hata hivyo, wewe wa darasa la tano unaweza kuijua tarakimu yake ya mwisho ukiwa umeketi papo hapo kwenye dawati lako. Tazama: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tarakimu za mwisho ni 2, 4, 8, 6, kisha huanza tena 2, 4, 8, 6. Hujirudia kila baada ya hatua nne. Basi gawanya 136,279,841 kwa 4. Yatosha kuangalia tarakimu mbili za mwisho, 41, kwa kuwa 100 hugawanyika kwa 4 kamili. 41 ukiigawa kwa 4, hubaki 1. Kwa hiyo tumo katika hatua ya kwanza ya mzunguko, na tarakimu ya mwisho ni 2. Punguza 1. Namba ile kubwa huishia na 1.

Kufuli la namba

Jaribio la 2. Bila mwenzako kuona, zidisha 59 kwa 83. Mpe jawabu tu, 4,897, umwambie atafute namba mbili ulizozizidisha. Hesabu dakika. Kazi iliyokuchukua wewe nusu dakika itamchukua yeye muda mrefu, na tena yeye ana namba yenye tarakimu nne tu.

Mzazi aliye Lembeni akituma fedha benki kwa simu, ujumbe wake husafiri angani. Mtu mwenye chombo kinachofaa aweza kuunasa njiani. Kama ungeandikwa kwa maneno ya wazi, mtu huyo angeisoma namba ya siri na kuzichukua fedha zilizokusudiwa kulipa ada. Ujumbe kama huo, kwa hiyo, hufungwa kwa hesabu kabla ya kutumwa.

Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Massachusetts nchini Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni kufuli la namna hii. Mwenye kufuli huchagua namba mbili tasa kubwa, akazizidisha. Zao lake hulitangaza kwa watu wote, na yeyote aweza kulitumia kufunga ujumbe. Lakini wa kuufungua ni yule tu anayezijua namba mbili zenyewe, naye huzificha. Adui hulijua zao, kama mwenzako alivyoijua 4,897. Linalomshinda ni kurudi nyuma.

Mwaka huo huo wa 1977 walitoa zao lenye tarakimu 129, wakawaalika watu walivunje. Ilikisiwa kwamba kazi hiyo ingechukua muda uliozidi umri wa Dunia. Kisio hilo lilikuwa na kosa. Njia bora zaidi za kutafuta vigawo zilipatikana, kompyuta zikaongezeka, na mwaka 1994 watu wapatao 600 walioziunganisha kompyuta zao walilivunja kwa miezi minane. Walipata namba moja yenye tarakimu 64 na nyingine yenye tarakimu 65. Mwaka 2020 lilivunjwa zao la tarakimu 250. Kufuli za aina hii zinazotumika sana leo zina zao lenye tarakimu 617.

Usidhani kwamba ile namba ya tarakimu milioni 41 hutumika kufungia fedha. Ni kubwa mno kwa kazi hiyo, tena imetangazwa duniani kote, na ufunguo unaojulikana na kila mtu si ufunguo. Hutafutwa kwa sababu nyingine: kuzijaribu kompyuta, kubuni njia mpya za kukokotoa, na kwa hamu ile ile iliyomfanya Cole atumie Jumapili zake.

Kuna jambo moja ambalo wanahisabati hawajalimaliza. Hakuna aliyethibitisha kwamba njia fupi ya kurudi kutoka kwenye zao hadi kwenye namba tasa mbili haiwezekani kwa kompyuta hizi tulizo nazo. Mpaka sasa haijapatikana tu.

Maswali

1. Hesabu wanafunzi wa darasa lako. Je, idadi yenu ni namba tasa? Kama si tasa, taja vigawo vyake vyote.

2. Onyesha kwa kugawanya kwamba 131, iliyo kigawo tasa kikubwa kuliko vyote vya urefu wa Kilimanjaro, ni tasa kweli. Ni namba tasa zipi tu unazopaswa kuzijaribu?

3. Mwenzako anasema kwamba 2,117 ni tasa kwa sababu haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Je, amejaribu vya kutosha? Endelea alipoishia.

4. Tafuta tarakimu ya mwisho ya 2⁶⁷ − 1 kwa kutumia mzunguko wa 2, 4, 8, 6. Kisha uhakikishe jawabu lako katika namba aliyoiandika Cole ubaoni.

5. Nchini Marekani kuna nyenze wakaao chini ya ardhi kwa miaka mingi. Kundi moja hutokea juu kila baada ya miaka 13, na kundi jingine kila baada ya miaka 17. Makundi hayo mawili yalitokea pamoja mwaka 1803. Yalitokea pamoja tena mwaka gani? Kama miaka yao ingekuwa 12 na 18, yangekutana baada ya miaka mingapi?